Shangazi, herufi nyeupe zimegeuka pinki na nembo za kwaya zinabanduka

BARUA

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni binti wa miaka ishirini na sita, naishi Igoma hapa Mwanza. Kaka yangu anauza dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Yeye ndiye aliyenikopesha fedha nikanunua mashine ya kubandikia tisheti, hiti presi ya mkono yenye sahani ya sentimita 38 kwa 38. Printa sina. Nembo za DTF, zile zinazoprintiwa kwenye filamu yenye gundi kisha zikabandikwa kwa moto, naprintiwa mjini kwa mita, na vinaili, ile plastiki nyembamba yenye gundi, ya herufi na namba nakatiwa hukohuko, kisha narudi nyumbani nabandika mwenyewe.

Mwanzoni nilikuwa nafanya tisheti mojamoja, za besdei na za wanafunzi wa chuo, na hakuna aliyelalamika. Baadaye nikapata oda mbili kubwa kwa mpigo. Ya kwanza ya kwaya ya kanisani kwetu: fulana 40 nyeupe za kola, nembo kifuani kushoto, jina la kwaya mgongoni, zote kwa DTF. Ya pili ya vijana wa bodaboda wa kijiwe kimoja cha Buhongwa: jezi nyekundu 22 za kile kitambaa chepesi cha michezo, jina la kijiwe na namba kwa vinaili nyeupe.

Kijana aliyeniuzia mashine aliniandikia kikaratasi: "180, sekunde 15, kila kitu." Akaniambia nikiona haishiki niongeze moto. Nikakibandika kikaratasi ukutani, nikafanya kazi zote kwa namba hiyo.

Shangazi, nimeaibika. Fulana za kwaya zimefuliwa mara moja tu, nembo za kifuani zimeanza kunyanyuka, hasa upande ulio karibu na vifungo. Maandishi ya mgongoni nayo yamebanduka kwenye baadhi, si zote. Nimejaribu kukumbuka: zile za mchana ziko imara, ila zile nilizomalizia usiku nikiwahi Jumapili ndizo zinazotoka. Nikachukua mbili, nikapandisha moto hadi 195 nikazirudia. Kitambaa kikawa cha njano na nembo ikawa ngumu inayong'aa, ukiivuta inapasuka.

Jezi za bodaboda nilizikabidhi herufi zikiwa nyeupe kabisa, shahidi ninao. Siku chache baadaye wananipigia simu, herufi zimekuwa pinki. Tena kila jezi ina alama ya mraba inayong'aa kifuani, ukubwa uleule wa sahani yangu.

Mama mwenyekiti wa kwaya anataka fedha zirudi. Vijana wa bodaboda wameweka picha kwenye grupu lao. Kaka anasema mashine ni mbovu, niiuze nimrudishie chake. Na katikati ya haya yote kuna kikundi cha ngoma cha Kisesa wananitaka niwafanyie tisheti 60 za kuvaa kwenye Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma, pale Bujora mwezi Juni, na wako tayari kutoa advansi. Naogopa kuipokea, na kuikataa naogopa pia.

Nipe namba sahihi ya moto, Shangazi. Namba moja ambayo nikiishika sitaharibu tena.

Mbandikaji wa Igoma

MAJIBU

Marahaba, binti yangu, na pole sana.

Namba moja haipo. Aliyekuandikia "kila kitu" kwenye kile kikaratasi hakukutendea haki, nami nisingependa kukuandikia kingine cha namna hiyo. Moto wa tisheti huamuliwa na kitambaa kwanza, halafu filamu au vinaili unayobandika. Mashine inakuja mwisho. Wewe umeanza na mashine, na ndivyo wengi tunavyofundishwa tunaponunua. Kibandue kikaratasi hicho ukutani leo.

Nianze na jezi, kwa kuwa hapo ndipo watu wengi huibiwa kazi yao bila kujua mwizi ni nani. Kitambaa kile chepesi cha michezo ni polista. Rangi ya polista huingizwa kiwandani kwa joto kali, na joto kali likirudi rangi hiyo hugeuka mvuke na kuanza kutafuta pa kwenda. Ufundi mzima wa sablimesheni umesimama juu ya tabia hiyo: tunaipasha rangi hadi nyuzi 190 au 200 ili iingie ndani ya polista nyeupe na isitoke tena. Sasa tazama, wewe ulibandika vinaili kwa 180. Uliupasha wekundu wa jezi karibu na moto wa sablimesheni, ukapanda ukaingia kwenye herufi nyeupe zilizokuwa juu yake. Na haumalizi safari siku hiyohiyo. Unaweza kuendelea kupanda taratibu kwa siku kadhaa jezi ikiwa imening'inia tu, ndiyo maana uliwakabidhi nyeupe na wao wakapata pinki. Hukuwadanganya, nao hawakusingizii. Waeleze hivyo.

Nyekundu na damu ya mzee ndizo korofi kuliko zote. Bluu iliyokoza, kijani na nyeusi nazo hufanya hivyo, nyeusi ikikuachia ukijivu kwenye herufi. Kwa polista yenye rangi usivuke nyuzi 140, na kama vinaili yako inashika kwa 130, kaa hapohapo. Ipo vinaili ya moto mdogo iliyotengenezwa kwa kazi hii, na ipo yenye kizuizi, ambayo ukiigeuza upande wa gundi unaona tabaka la kijivu au jeusi. Tabaka hilo ndilo linaloizuia rangi isipande. Bei yake iko juu kuliko ya kawaida, kwa hiyo mtajie mteja kabla hamjakubaliana. Akishindwa kuimudu, mshauri herufi nyeusi badala ya nyeupe, maana kwenye nyeusi wekundu hauonekani.

Ile alama ya mraba nayo imetokana na moto uleule. Nyuzi za polista zimelainika na kulala chini ya sahani, ndiyo maana panang'aa. Dawa yake, mbali na kupunguza moto, ni kuweka ndani ya jezi kipande cha silikoni au sponji ngumu inayostahimili joto, ukubwa wake uzidi maandishi kidogo tu. Hapo kitambaa kilicho chini ya maandishi hunyanyuka na kugandamizwa, kilichobaki kikaachwa kipumue. Usiegeshe sahani juu ya jezi hata sekunde moja zaidi ya inayotakiwa.

Utajuaje kitambaa ni nini? Soma lebo ya shingoni, ila tisheti za bei ya chini lebo zake si za kuaminika sana. Chomoa uzi mmoja kwenye pindo la ndani, nenda nje, uwashe kwa kiberiti juu ya bati au sahani ya udongo. Pamba inawaka, inatoa harufu ya karatasi na kuacha majivu laini yanayosagika kwa vidole. Polista inasinyaa kwanza, inayeyuka, na inabaki punje ngumu nyeusi. Ukipata majivu pamoja na vipunje, umeshika mchanganyiko, na fulana nyingi za kola zinazouzwa ni mchanganyiko huo. Mchanganyiko uutendee kwa tahadhari ya polista.

Sasa kwaya. Umeniandikia jambo moja ambalo pengine hukuliona uzito wake: za mchana zimeshika, za usiku zinatoka. Hilo peke yake linaitetea mashine yako. Mashine mbovu haichagui saa.

Nyuma ya mashine kuna kibati kimeandikwa wati. Nyingi za ukubwa wako huzunguka wati 1,400, na hesabu hiyo ni kwa umeme wa volti 230. Jioni, mtaa mzima ukiwasha taa, pasi na majiko, volti hushuka, na nguvu ya mashine hushuka kwa kasi kuliko volti zenyewe. Volti zikitoka 230 zikafika 190, mashine ya wati 1,400 inabaki na kama 950, karibu theluthi moja imekwenda. Kioo bado kitakuonyesha 180 yako mwishowe, kwa kuwa kipimo kinasubiri mpaka sahani ifike. Kinachobadilika ni muda wa kurudi. Ni kama kikaango cha chapati: kila unapoweka chapati mbichi, kikaango kinapoa, na moto ulio chini ukiwa hafifu, ya tatu na ya nne zinatoka nyeupe. Tisheti nayo hunyonya joto la sahani, na wewe ulikuwa na haraka, ukaingiza inayofuata kabla sahani haijarudisha joto lake. Gundi ya DTF ni unga unaotakiwa kuyeyuka na kuingia kwenye nyuzi. Usiku ule ulilainika juujuu tu.

Kwa hiyo kuanzia sasa usitazame taima peke yake. Tazama namba ya joto kila kabla ya kushusha mkono. Ikiwa imeshuka, subiri irudi, hata kama ni dakika nzima na foleni ni ndefu. Mashine iwe na soketi yake ya ukutani, isichangie ekstensheni na friji au birika. Waya mwembamba wa ekstensheni nao hula volti, na ukiushika ukauhisi wa moto, uondoe siku hiyohiyo, maana huo ni mwanzo wa kuunguza nyumba. Muombe fundi umeme aje na mita yake apime volti wakati mashine inapasha, si ikiwa imezimwa. Akikuta ziko chini jioni, fanya kazi kubwa asubuhi na mchana. Stebilaiza ndogo ya friji haitakusaidia. Ukinunua ya kwako lazima uwezo wake uzidi wati za mashine.

Vifungo ni kisa kingine kabisa, na hapo moto hauhusiki. Fulana ya kola ina mshono mnene pale mbele na vifungo juu yake. Ukiilaza yote juu ya bamba na kushusha sahani, sahani inakaa juu ya vifungo na mshono, na nembo iliyo pembeni yake haipati uzito wowote. Inapata joto bila kugandamizwa. Ndiyo maana zimenyanyuka upande wa vifungo na si upande wa kwapa. Ivalishe fulana kwenye bamba la chini kiasi kwamba kola na vifungo vining'inie nje ya ukingo. Kama nembo iko karibu mno na vifungo, chomeka ndani, chini ya nembo tu, kipande cha silikoni au hata pedi nene ya mausi, mpaka nembo iwe juu kuliko vifungo. Fanya hivyohivyo kwenye mfuko, zipu na mshono wa bega.

Kuujua mgandamizo hakuhitaji kifaa. Mashine ikiwa baridi, kata vipande vinne vya karatasi, weka kimoja kila kona, funga, kisha vuta kimojakimoja. Vyote vigome kwa nguvu ileile. Kikitoka kimoja kirahisi, kona hiyo ndiyo inayobandua kazi zako, na unahitaji kurekebisha skrubu au kubadilisha raba ya chini iliyolala. Halafu kumbuka kwamba fulana ya kola ni nene kuliko tisheti na sweta ni nene zaidi. Nobu ya juu, ile ya kukazia mgandamizo, huizungushi mara moja ukasahau; unaigusa kila kitambaa kinapobadilika.

Na joto la sahani lipime kweli. Namba ya kwenye kioo inatoka kwenye kihisio kimoja kilichofungwa sehemu moja ndani ya sahani. Kona nne hazina wa kuzisemea. Azima au nunua kipimajoto cha kulenga cha mafundi wa friji au wa magari. Kile cha kupimia homa tulichokizoea milangoni wakati wa korona hakifai hata kidogo, kinaishia nyuzi arobaini na kitu. Washa mashine, ikifika 150 iache robo saa ili joto lisambae, kisha lenga katikati na kona zote. Lenga kwenye uso mweusi wa sahani, kwani chuma kinachong'aa hukidanganya kipimo kikasoma chini. Tofauti ya nyuzi tano au kumi utaishi nayo. Ukikuta kona moja iko chini kwa ishirini au thelathini, hapo ndipo nitakubaliana na kaka yako kwamba mashine ina shida. Irudishe ulikonunua kama bado ina warantii, au tumia katikati tu mpaka fundi aiangalie.

Ukiwa hapo kwenye kioo, hakikisha pia kimeandika C na si F. Mashine nyingi za Kichina zina vyote viwili na kidole kikiteleza zinabadilika. 160 ya F ni kama 71 ya C, haiwezi kushikisha chochote. Kwako si tatizo, maana umeshaunguza kitambaa, lakini nimeona niliseme kwa wengine wanaosoma.

Tuje kwenye "ongeza moto". Ushauri huu umeharibu tisheti nyingi mjini kwetu kuliko umeme na mvua. Gundi ya DTF ikipata moto uliozidi inakuwa nyepesi mno, inazama yote ndani ya kitambaa, na kati ya wino na nyuzi hakibaki cha kushikilia. Filamu yenyewe inakauka na kupoteza mvuto. Hiyo nembo yako ngumu inayopasuka kwa 195 ndiyo hiyo. Nembo ikigoma kushika, kabla hujagusa moto angalia mgandamizo, halafu unyevu, halafu namna unavyobandua. Moto uguse mwisho, tena kwa nyuzi tanotano.

Unyevu ni jambo letu sisi watu wa ziwani. Miezi ya mvua, Machi na Aprili, kisha Novemba na Desemba, tisheti iliyokaa rafuni tu inabeba maji usiyoyaona. Shusha sahani juu ya tisheti tupu kwa sekunde tano, inua, utaona mvuke. Mvuke huo ungetoka wakati wa kubandika ungesukuma gundi. Tena kushusha huko kwa awali kunanyoosha makunyanzi. Na rolo za DTF ulizoprintiwa usiziache mezani wiki nzima. Unga wa gundi unavuta unyevu, na filamu ikilowa utaiona ina mafutamafuta juu na ukibandika inaacha vitobo. Zifunge kwenye mfuko wa plastiki, zitie kwenye ndoo yenye mfuniko pamoja na vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Afadhali uprintiwe mita mbili unazotumia wiki hii kuliko kumi zinazokusubiri.

Hizi hapa namba za kuanzia, ambazo karatasi ya muuzaji wa filamu au vinaili ina haki ya kuzipinga. DTF kwenye pamba tupu, 150 hadi 160, sekunde 12 hadi 15. Kwenye mchanganyiko, 145 hadi 150, sekunde 10 hadi 12. Kwenye polista, 130 hadi 140, sekunde 8 hadi 10, tena uulize kama unga waliotumia ni wa moto mdogo. Vinaili ya kawaida kwenye pamba, 150 hadi 155, sekunde 10 hadi 15. Sablimesheni ni mambo mengine: polista nyeupe au nyepesi tu, 190 hadi 200, sekunde 45 hadi 60, na mteja akikuletea pamba tupu mwambie haiwezekani.

Muulize aliyekuprintia swali moja kila mara: filamu hii inabanduliwa ya moto au ya baridi? Filamu ya baridi ukiivuta ikiwa moto, unaing'oa na nembo yake, hata kama joto na mgandamizo vilikuwa sawa. Isubiri mpaka ukiigusa kwa kiganja huhisi joto. Ukishabandua, funika kwa karatasi ya tefloni au karatasi nyeupe ya kuokea, rudia sekunde tano hadi kumi. Wengi wanaruka hatua hii kwa sababu kwa macho nembo imeshakaa. Mimi siiruki, kwa kuwa ndiyo inayozamisha zile kingo ambazo kucha na brashi huanzia.

Kisha fua, binti yangu. Hapa nakusisitiza kuliko kote. Kila kitambaa kipya na kila filamu mpya, bandika moja, iache siku nzima, kisha ifue wanavyofua wateja wako: beseni, sabuni ya unga, mikono inayofikicha, jua la mchana. Irudie mara tatu nne. Ivute kwa upana na kwa urefu uone kama inapasuka. Kama ni polista yenye rangi, itundike siku kadhaa uone weupe unabaki. Ikipita yote hayo, andika kwenye daftari: kitambaa gani, umekinunua duka gani, filamu ya nani, moto, sekunde, nobu imezungushwa kiasi gani, imebanduliwa moto au baridi. Daftari hilo ndilo namba uliyoniomba.

Na mteja umpe maneno ya kufua, kwa karatasi au kwa meseji: asifue kabla ya saa 24, aigeuze ndani nje, asisugue nembo kwa brashi, asiweke dawa ya kung'arisha, asipige pasi juu ya maandishi. Zinazofuliwa mapema gundi yake haipati nafasi ya kukomaa.

Sasa watu. Kwa mama mwenyekiti usimpigie simu, nenda. Nenda ukiwa na fulana moja uliyoirekebisha na kuifua mwenyewe, umuonyeshe. Ambazo nembo imenyanyuka lakini bado nzima, zikusanye, zifuliwe, zikauke kabisa, uzipashe tupu kidogo pembeni ya nembo, kisha pedi chini ya nembo, tefloni juu, 150, sekunde 15, mchana. Nyingi zitarudi. Zilizokatika vipande zinahitaji nembo mpya, na zile mbili zilizoungua nunua nyingine. Gharama ni yako. Mwombe wiki mbili, na kama atakataa na kusisitiza fedha, mrudishie za zile zilizoharibika tu, maana zilizo imara anazivaa.

Kwa bodaboda sitakudanganya: pinki haifuliki. Una njia mbili za kuwapa, wachague wao. Uwakatie herufi nyeusi zinazozidi kidogo za zamani, uzilaze juu kwa 130. Zitakuwa nene na nzito kidogo, ila zitasomeka na wekundu hautaonekana. Jaribu kwanza kwenye jezi moja waione. Au uwatafutie jezi mpya kidogokidogo, ukianza na zile zenye alama kubwa ya mraba. Na kwenye grupu lao, mwombe kiongozi wa kijiwe aweke picha ya kazi iliyorekebishwa palepale walipoweka ya kwanza.

Oda ya Kisesa ipokee, lakini si leo. Waombe tisheti moja halisi ya kitambaa wanachotaka kuvaa, na rangi yenyewe, kwa kuwa wacheza ngoma watatoka jasho, watainama na kuruka juani mchana kutwa. Nembo itakayovutwa hivyo isiwe bango kubwa la kuziba kifua chote. Washauri mchoro wenye nafasi wazi ndani yake, kitambaa kipitishe hewa. Bandika hiyo moja, ifue, wapelekee waivae kwenye mazoezi. Wakiirudisha ikiwa nzima, chukua advansi inayotosha kununua tisheti na filamu zote, kisha gawa kazi: kumi na tano kwa siku, mchana. Mnao muda wa kutosha kufanya hivyo kabla ya Juni kama mtaanza sasa.

Kaka yako amesema kwa uchungu wa fedha yake, na anayo haki. Lakini mashine iliyotumika ukiiuza leo kwa pupa itakupa pungufu ya ulichonunulia, na deni litabaki pale pale bila chombo cha kulilipia. Mwombe akupe mpaka baada ya Bulabo. Mwite siku ya kupima kona za sahani, ashike kipimajoto yeye mwenyewe asome. Kisha mkubaliane kiasi utakachomlipa kutoka kwenye oda ya Kisesa, mkiandike, na ukimpe siku ileile utakapolipwa, kabla hujanunua filamu nyingine.

Shangazi